Mvua ya Usangi

Jumatano jioni Eliamani Mgonja alimwambia mkewe kwamba Jumamosi kutanyesha Usangi, kwao Tanzania. Alisema hivyo amekaa kwenye kigoda cha jikoni, anavua viatu, hata hakumtazama. Mvua kubwa, akasema, mawingu yanatoka upande wa bahari, na ile barabara ya kupanda mlima kutoka Mwanga itakuwa utelezi mtupu, kigari chao kitaishia mtaroni. Afadhali wangoje wiki moja zaidi, wamfuate mtoto Jumamosi inayofuata. Namsifu alikuwa anachagua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. Akauliza kama ana hakika, na Eliamani akasema ana hakika.

Na kwa nini asimwamini? Mumewe alikuwa mtu wa hali ya hewa. Kila asubuhi alitoka Kabiria, hapa Nairobi, kwa miguu mpaka Dagoretti Corner, kwenye ofisi za hali ya hewa za Jumuiya ya Afrika Mashariki, akaachilia puto jeupe likapanda angani, akalifuata kwa darubini mpaka likapotea, kisha akaandika upepo wa juu unaelekea wapi. Alilipwa mshahara kwa kazi hiyo, tukashangaa wengi. Namsifu alianika nguo kwa neno lake. Wanjira, mama mwenye nyumba, hakuthubutu kutandaza mahindi yake uani kabla ya kupiga hodi na kuuliza Baba Peni amesema nini leo. Mtu huyo akisema Usangi kutanyesha, basi kutanyesha.

Ila mvua haikuwepo. Hapakuwa hata na wingu la kusingiziwa. Ramani ya siku ile ilionyesha anga kavu kuanzia Voi mpaka Arusha, na Eliamani ndiye aliyeichora kwa mkono wake mwenyewe. Alidanganya kwa sababu alitaka kwenda Naivasha.

Sisi watu wa Kabiria, Jumamosi tunafua, Jumapili tunakwenda kanisani, na mtu akipata nauli ya ziada anakwenda kwao kuwaona wazee. Hawa Watanzania wawili walikuwa na mambo yao. Jumamosi saa sita na nusu Namsifu akishatoka kwenye duka la vitambaa la Daksha, pale Mtaa wa Biashara, alikokuwa akishona mapazia, anamkuta mumewe anamngoja ndani ya Volkswagen yao ya rangi ya maziwa yenye namba za Tanzania. Chupa ya chai iko kiti cha nyuma, mayai ya kuchemsha yamefungwa gazetini, na hao wanakwenda. Wanakwenda kufanya nini? Kuangalia. Jumamosi hii Magadi kuangalia chumvi, ijayo Thika kuangalia maporomoko. Mafuta yakiwa haba wanaishia Karen, wanaendesha polepole katika vile vijia vya miti, wanachagua nyumba ambazo hawatazinunua kamwe. Namsifu anataka ile yenye veranda, Eliamani anasema veranda inatazama magharibi, jua la jioni litamchoma.

Tobias, fundi wa magari aliyepanga mlango wa pili, aliwahi kumuuliza Eliamani wanaleta nini kutoka safari hizo. Eliamani akafikiri kwa dhati, akajibu kwamba hawaleti kitu. Tobias alicheka siku nzima, na jioni akamsimulia mkewe Peres, wakacheka tena wote wawili.

Tangu Penieli azaliwe, safari zile ziligeuka kazi. Mtoto alilia garini, alitapika kwenye kona za Limuru, na popote walipotandika khanga ilikuwa ni kumfukuza asiingie majini. Alipofikisha mwaka na nusu wakampeleka Usangi kwa mama yake Eliamani, wakati wa Krismasi, aachishwe ziwa. Ndivyo kwao wafanyavyo: mtoto hupelekwa kwa bibi, akae mbali na harufu ya mama, anywe maziwa ya ng'ombe na uji wa ndizi, asahau. Mama naye abaki mbali, akauke. Wiki tano zinatosha, alisema bibi.

Wiki ya kwanza Namsifu alilia kila alipopita karibu na kile kitanda kidogo. Kifua kilimuuma mpaka Peres akaja kumfunga kwa khanga, akaikaza vizuri, akamwambia asiguse. Wiki ya pili maumivu yakapungua, na usiku mmoja akalala bila kuamka hata mara moja. Wiki ya tatu walikwenda Ngong wakakaa juu ya vilima mpaka jua linatua, na Namsifu akacheka jambo fulani la kipuuzi mpaka akashika mbavu. Eliamani akamwona tena msichana aliyemwoa. Alimpenda mwanawe, asisingiziwe, lakini alitaka wiki moja tu tena. Akaitafutia mvua.

Alhamisi akapeleka telegramu kwa mama yake: GARI BOVU TUTAKUJA JUMAMOSI IJAYO. Asingeweza kumwandikia mama yake habari za mvua, maana mama yake yuko Usangi na macho anayo.

Naivasha ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Walipanga kibanda cha mbao kando ya ziwa. Alasiri yote maji hayakutikisika, mafunjo yalisimama kimya, na ndege weupe walipita chini chini kana kwamba hawana safari. Namsifu alivua viatu akatembea kwenye nyasi zenye unyevu, gauni amelishika mkononi. Hawakuzungumza sana. Kulikuwa na kiboko mbali kidogo, akitoa pua, akizama, akitoa pua, na wao wakawa wanabahatisha atatokea wapi, wakakosea kila mara. Muda ulikwenda bila mtu kuusukuma. Ukiwauliza leo watakwambia siku ile haikuwa na saa.

Jua lilipolegea Namsifu alilaza kichwa kwenye paja la mumewe, akafumba macho. Akasema, "Sasa hivi kule inanyesha. Mama amemfunika na lile blanketi jekundu, mvua inapiga bati, na Peni anapenda sana kelele ya mvua. Amelala." Akatabasamu peke yake. Eliamani alikuwa na yai mkononi, akalirudisha gazetini. Alikaribia kusema. Aliangalia lile ziwa, akaona atasema Jumapili njiani, na Jumapili njiani akaona atasema nyumbani.

Hakusema.

Ijumaa iliyofuata, ile ya kwanza ya Februari mwaka wa sabini na saba, redio ilitangaza kwamba Tanzania imefunga mpaka wake na Kenya. Kwa majuma mengi watu walikuwa wakisema Jumuiya inakufa, ndege haziruki, wakubwa hawazungumzi, lakini maneno ya wakubwa mtu huyasikia kama ngurumo ya mbali. Eliamani alikuwa mezani anajaza takwimu za asubuhi. Dalmas, msimamizi wake, mtu wa Siaya asiye na makuu, akamwita kando na kumwambia kwa upole kwamba Watanzania wote wa idarani wakae kazini wangoje maagizo. Atakayeondoka kabla ya hapo atahesabiwa ameacha kazi, na miaka yake yote imepotea. Eliamani alikuwa na miaka minane. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuwa anasikia. Alikuwa anawaza kwamba kesho ndiyo Jumamosi ya kumfuata mtoto, na kwamba Jumamosi iliyopita njia ilikuwa wazi, kavu, nyeupe kwa vumbi.

Namsifu aliipata habari dukani. Daksha mwenyewe ndiye aliyezima cherehani yake, akamwambia aende nyumbani. Alipofika Kabiria alikuta wanawake wamesimama uani, na Wanjira katikati yao. Wanjira hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba ni nyumba. Alimsalimia, akampa pole, kisha hapo hapo akamuuliza, "Mama Peni, sasa mtaachilia nyumba lini? Kuna mtu wa posta ananisumbua." Namsifu alimtazama kana kwamba hakumfahamu. Hajamaliza kuvua viatu, tayari kuna mtu anapima madirisha yake. Aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa sakafuni karibu na kitanda kidogo mpaka mumewe alipofika.

"Ile mvua," alimwambia. "Ile mvua ndiyo imeniua, Baba Peni. Tungekwenda wiki ile, hata kwa kusukuma gari."

Eliamani akasimama mlangoni na kofia mkononi. Palikuwa na nafasi ya kusema, pana kabisa, na yeye akaingia ndani akaitundika kofia.

Kesho yake alfajiri waliondoka kwenda Namanga, na Tobias aliendesha. Alijileta mwenyewe. Alisema gari ya namba za T siku kama hii inataka mtu wa hapa kwenye usukani. Peres aliwafungia chapati. Namsifu alikuwa na kikapu kimoja: nguo za mtoto, viatu vipya vidogo vya bluu alivyonunua mjini Alhamisi, na khanga ya kumbebea. Alikuwa amejiambia kwamba mpaka umefungwa kwa magari na mizigo, si kwa watoto.

Njia yote ilikuwa tupu. Baada ya Athi River nyika ilifunguka pande zote mbili, ukungu mwepesi umelala juu ya nyasi, na twiga watatu walisimama wakiwatazama kwa adabu. Siku nyingine wangesimamisha gari. Namsifu alitazama dirishani, na kila kitu kilikuwa kizuri vilevile kama Jumamosi zote, akakichukia kwa ajili hiyo.

Namanga palikuwa pamejaa watu. Malori yamepangwa kando, watalii wamekaa juu ya masanduku yao, mama mmoja amebeba kuku watatu waliofungwa miguu, analalamika kwa mtu yeyote anayesimama karibu. Kizuizi cha upande wa Kenya kilikuwa kimeshushwa. Mbele yake kulikuwa na kipande cha barabara kisichokuwa na mtu, kama hatua mia, halafu kizuizi cha pili. Hatua mia zile Namsifu alikuwa amezipita mara nyingi bila kuziona.

Walisimama kwenye foleni saa mbili nzima. Askari kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alizigeuza hati zao za kusafiria, akauliza wanataka nini. Eliamani akaeleza, kwa unyenyekevu ambao mkewe hakuwahi kuuona: mtoto wao yuko Usangi, ana mwaka na nusu, wanaomba wavuke wamchukue, warudi leo leo. Askari akamwambia kutoka wanaweza kutoka, hakuna aliyewashika. Kurudi hakuna. Akaongeza kwamba si Kenya iliyofunga, wakaulize kwao. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akasema Watanzania wamekula Nairobi miaka yote, sasa wakale kwao. Eliamani alisikia. Alikunja hati zake polepole, akaziweka mfukoni.

Tobias akajaribu bahati yake. "Afande, hii ni maneno ya mtoto mdogo. Bibi yake amlete hapo katikati tu, huyu mama amchukue. Mtoto atakosea nani?"

"Mzee, nimeambiwa mtu asiingie."

"Huyo si mtu ya kuhesabu, afande. Hata kuongea hajui."

Askari alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa na aibu, ilionekana wazi. "Hata mimi niko na mtoto," akasema. "Nimeambiwa mtu asiingie."

Hapo ndipo Namsifu alipomwona mama mkwe wake. Ng'ambo ya pili, kati ya watu, mwanamke mfupi aliyevaa koti refu la marehemu mumewe, na mgongoni kuna kitu kimefungwa. Bibi hakungoja kuitwa. Alisikia redio Ijumaa, akajua wanawe watafika mpakani na watakwama, akapanda basi na mjukuu mgongoni. Alisimama pale ametulia, ameweka mkono juu ya macho, anatafuta.

Namsifu hakupiga kelele. Alishika mkono wa mumewe kwa nguvu. Upande ule mtoto akaanza kulia, pengine kwa jua, pengine kwa njaa, na sauti ikaja juu ya lami wazi kabisa. Maziwa yakamtoka. Baada ya wiki sita, baada ya khanga ya Peres na yote, kifua cha gauni kikalowa mbele za watu. Akafunika kwa kikapu.

Waliamua kando ya gari, kwa maneno machache. Namsifu atavuka. Eliamani atabaki, angoje maagizo ya kazi, asitupe miaka minane, kisha mambo yakitulia atafuata na vyombo. Namsifu akauliza mambo yatatulia lini. Eliamani akasema mwezi mmoja, labda miwili. Akajisikia akisema kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ya kigoda, sauti ya mtu mwenye hakika.

Namsifu alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni. Alimwekea mumewe kola sawa, kama alivyofanya kila asubuhi, akamwambia, "Usijilaumu. Mvua si wewe uliyeileta."

Basi likamtoka. "Haikunyesha, Mama Peni. Hapakuwa na mvua. Nilisema vile kwa sababu nilitaka twende Naivasha."

Aliondoa mikono kwenye kola. Hakuielewa mara moja, kisha akaielewa yote pamoja, ziwa, kiboko, blanketi jekundu, na jinsi alivyolala pale amefumba macho akimsimulia mvua mtu aliyejua haipo.

"Kwa nini umeniambia leo?"

"Mama angekuambia. Nilimpelekea telegramu kwamba gari ni bovu."

"Kumbe hata hii ya leo hukuniambia kwa ajili yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na hiyo ndiyo ilimtisha Eliamani. "Ungeniacha nivuke na wewe ukiwa mzuri. Mwezi mmoja, miwili, ningekaa nakuwaza wewe mzuri. Ungenipa hiyo tu."

Akachukua kikapu. Alimshukuru Tobias, akamtuma salamu kwa Peres, akamwambia cherehani ya mkono iliyo chumbani ni yake. Askari akainua kizuizi kidogo tu, Namsifu akainama akapita chini yake.

Eliamani alimwangalia akizipita hatua mia. Alitembea katikati kabisa ya barabara, bila kugeuka, na kivuli chake kifupi kilikuwa chini ya miguu. Kwenye kizuizi cha pili walimsimamisha, wakasoma hati, wakamruhusu. Bibi akamfungua mtoto mgongoni. Namsifu akanyoosha mikono. Na mtoto, ambaye kwa wiki sita alifundishwa kusahau na akajifunza vizuri, alimtazama yule mwanamke mgeni mwenye gauni lililolowa, akageuza uso, akamkumbatia bibi shingoni kwa mikono yote miwili.

Namsifu hakumlazimisha. Alikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa barabara, kikapu pembeni.

Tobias aliona yote. Akakohoa, akasema kwamba wakiondoka sasa watafika Nairobi kabla ya giza. Eliamani akatoa funguo za gari mfukoni, akamwekea mkononi.

"Mimi ndiyo naendesha, najua," Tobias akasema. "Niko na zile funguo za akiba."

"Zote ziwe zako, na gari."

"Bwana Mgonja. Na kazi je? Na vitu ya nyumba?"

Eliamani alisema Dalmas aambiwe ameondoka, na Wanjira aambiwe yule mtu wa posta anaweza kuja. Walishikana mikono muda mrefu. Tobias, aliyezoea kumcheka, hakucheka. Alimfungia chapati zilizobaki kwenye gazeti, akamsukumia kifuani.

Askari mwenye macho mekundu akagonga muhuri, akamkumbusha kwamba harudi. Eliamani akasema anajua. Katikati ya zile hatua mia hakuwa mtu wa upande wowote, hana gari, hana kazi, hana hata koti la akiba. Jua lilikuwa juu ya kichwa, na pande zote mbili watu walikuwa wanamwangalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamkagua kutoka juu mpaka chini, chapati kifuani na vumbi kwenye suruali. "Gari limepona?"

"Halikuwa bovu, mama."

Bibi alimtazama, kisha akamtazama mkwewe aliyekaa chini, na hakuuliza lingine. Alimkabidhi Namsifu mtoto na kusogea hatua chache mbele, akajifanya anatafuta basi. Penieli akaanza kulia, akinyoosha mikono kulifuata lile koti. Eliamani akachuchumaa kando ya mkewe. Hakujua kama ana ruhusa ya kukaa. Namsifu hakumwambia akae, hakumwambia aondoke. Alimwacha hivyo kwa muda, mtoto akipiga mateke mapajani mwake, kisha akamnyanyua, akamweka mikononi mwa baba yake.

"Mshike," akasema. "Mwambie wewe ni nani."